Mzee anapohitaji nyumba ya uuguzi Marekani: nani analipa, na karatasi zipi zikusanywe mapema

Kosa linalozigharimu familia zetu kuliko yote huku Marekani ni kuamini kwamba Medicare italipia nyumba ya wazee. Hailipi. Medicare ni bima ya matibabu ya serikali, hasa kwa wazee. Mzee akishahitaji kuogeshwa, kuvishwa, kulishwa na kupelekwa chooni kila siku ya maisha yake, Medicare haihesabu kazi hiyo kuwa matibabu. Walipaji wakuu wamebaki watatu: mfuko wa mzee mwenyewe, bima ya utunzaji wa muda mrefu (wengi wetu hatuna), na Medicaid, bima ya serikali ambayo ni ya wenye kipato na mali kidogo na ambayo hupekua hesabu za mzee miaka mitano nyuma.

Miaka hiyo mitano ndiyo inayowakwamisha Wakenya, Watanzania, Wakongomani na Warundi walio huku, kwa sababu ndiyo miaka tuliyokuwa tukituma pesa nyumbani. Tutalifikia jambo hilo kwa kirefu.

Bei ikoje

Uchunguzi wa bei wa kampuni ya CareScout wa mwaka 2024 ulionyesha bei ya katikati kwa nchi nzima hivi: kitanda katika chumba cha watu wawili kwenye nyumba ya uuguzi, dola 111,325 kwa mwaka; chumba cha peke yake, dola 127,750. Makazi ya wazee yenye wasaidizi, kwa yule anayejiweza kiasi, yalikuwa dola 70,800. Msaidizi wa afya anayekuja nyumbani alilipwa kama dola 34 kwa saa, na kituo cha wazee cha mchana kilitoza kama dola 100 kwa siku.

Bei hutofautiana sana kati ya jimbo na jimbo, kwa hiyo usipange kwa bei ya nchi nzima. Piga simu nyumba tatu zilizo karibu, uliza bei ya siku, kisha uliza ni nini hakimo ndani ya bei hiyo: nepi za watu wazima, kufua nguo, dawa, kinyozi, usafiri wa kwenda kwa daktari. Kwenye makazi yenye wasaidizi uliza pia "kiwango cha huduma". Bei ya tangazo mara nyingi ni ya chumba na chakula tu, na kila msaada unaoongezeka una bei yake.

Siku 100 za Medicare, na neno "kulazwa"

Kuna muda mfupi ambao Medicare hulipia nyumba ya uuguzi: mzee anapotoka hospitali akiwa bado anahitaji muuguzi au mtaalamu wa tiba ya viungo kila siku, tuseme baada ya kiharusi au kuvunjika nyonga. Siku 20 za kwanza hulipi kitu. Siku ya 21 hadi ya 100 mzee hulipa sehemu yake, ambayo kwa mwaka 2026 ni dola 217 kwa siku. Akizimaliza siku hizo 80, ni dola 17,360. Bima ya nyongeza ya Medigap kwa kawaida huibeba sehemu hiyo, na Medicaid pia kwa aliye nayo. Kuanzia siku ya 101 gharama yote ni ya kwenu.

Sharti linaloangusha watu ni hili: kabla ya hapo, mzee lazima awe amelazwa hospitali siku tatu mfululizo. Siku ya kuingia inahesabiwa, ya kutoka haihesabiwi. Aliyelazwa Jumatatu na kuruhusiwa Alhamisi ametimiza. Lakini mgonjwa anaweza kulala kitandani siku nne, na dripu mkononi, huku kwenye makaratasi ameandikwa yuko "chini ya uangalizi" tu. Huyo hakulazwa, hata kama alivaa gauni la hospitali na kula chakula cha hospitali. Saa alizokaa chumba cha dharura kabla daktari hajaandika amri ya kumlaza nazo hazihesabiwi.

Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa mwulize muuguzi: "Mama amelazwa rasmi, au yuko chini ya uangalizi?" Uliza tena kila asubuhi, maana hali hiyo inaweza kubadilishwa. Uangalizi ukizidi saa 24, hospitali inatakiwa kumpa mgonjwa taarifa ya maandishi iitwayo MOON. Ukikabidhiwa karatasi hiyo, mtafute daktari siku hiyohiyo, umwombe amlaze kama hali ya mgonjwa inastahili, na umtake daktari wake wa kawaida aongee naye. Baada ya kuruhusiwa kazi inakuwa ngumu zaidi.

Mwenye Medicare Advantage, yaani bima ya Medicare inayoendeshwa na kampuni binafsi, ana masharti mengine. Nyingi huziondoa hizo siku tatu, lakini hutaka kibali kabla ya kuhama, na nyumba ya uuguzi iwe ndani ya mtandao wao.

Nyumba ya uuguzi ikiona Medicare inafikia mwisho, lazima ikupe notisi angalau siku mbili kabla. Usiisaini ukaiweka mfukoni. Ina namba ya simu ya kukatia rufaa, na simu hiyo lazima ipigwe kabla ya saa sita mchana ya siku inayotangulia siku ya mwisho iliyoandikwa. Wakisema "haboreki tena", jibu lipo: tangu makubaliano ya kesi ya Jimmo ya mwaka 2013, kigezo cha Medicare si kuboreka. Kama utaalamu wa muuguzi au wa tiba ya viungo unahitajika ili hali isiporomoke, huduma inastahili kulipwa.

Mzee aliyekuja na grini kadi

Wengi wetu tuliwaleta wazazi wakiwa wamevuka miaka 60, hawajawahi kufanya kazi huku. Huyu hana Medicare ya bure. Sehemu A ya Medicare (ya hospitali) bila malipo ya kila mwezi huhitaji kama miaka kumi ya kazi yenye makato, yake mwenyewe au ya mwenzi wake. Asiyekuwa nayo, akiwa na miaka 65 na grini kadi na ameishi hapa miaka mitano mfululizo, anaruhusiwa kuinunua: mwaka 2026 Sehemu A ni dola 565 kwa mwezi na Sehemu B (ya madaktari) ni dola 202.90. Asipojiandikisha Sehemu B kwa wakati, faini ni asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili aliyochelewa, na faini hiyo haiishi.

Medicaid nayo kwa kawaida humtaka mwenye grini kadi asubiri miaka mitano. Majimbo machache, New York ikiwemo, yana fedha zao za kuwasaidia walio ndani ya muda huo. Uliza ofisi ya jimbo lako badala ya kuamini maneno ya kanisani au msikitini. Na ukumbuke ile fomu I-864 uliyosaini kumdhamini mzazi: mpaka awe raia au atimize robo 40 za kazi (kama miaka kumi), jimbo linaweza kuhesabu kipato chako kana kwamba ni chake, na sheria inaliruhusu kukudai.

Kwa waliokuja kama wakimbizi, sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imebadilisha mambo. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026, hadhi ya ukimbizi peke yake haitoshi tena kwa Medicaid ya kawaida. Mkimbizi anaweza kuomba grini kadi baada ya mwaka mmoja nchini, na bado zipo familia nyingi za Kikongomani ambazo bibi hakuombewa kwa sababu "hafanyi kazi, ya nini?" Aombewe sasa. Pia malipo ya SSI (fedha za serikali kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo) kwa mkimbizi yana kikomo cha miaka saba asipokuwa raia. Mzee ambaye ugonjwa umemzuia kujifunza Kiingereza anaweza kuombewa msamaha wa mtihani wa uraia kwa fomu N-648, inayojazwa na daktari.

Medicaid: inahesabu nini

Katika majimbo mengi, mtu asiye na mwenzi anatakiwa kubaki na mali isiyozidi dola 2,000. Majimbo mengine yana viwango vya juu zaidi, New York na California yakiwa mfano. Kwa mapato, majimbo mengi hutumia kikomo cha dola 2,982 kwa mwezi (2026). Akizidi, jimbo la namna hiyo huwa linaruhusu mapato yapitishwe kwenye amana maalumu iitwayo Miller trust. Iandikwe na wakili, haichukui muda mrefu.

Mume au mke anayebaki nyumbani hafilisiwi. Kwa mwaka 2026 anaweza kubakiza hadi dola 162,660 za mali ya pamoja, kutegemea kanuni za jimbo, na pengine sehemu ya mapato ya mwenzake. Nyumba wanayoishi haihesabiwi wakati mwenzi, mtoto wa chini ya miaka 21, au mtoto mwenye ulemavu anaishi humo. Gari moja halihesabiwi, wala samani, wala mkataba wa mazishi uliolipiwa kabla na usioweza kurudishwa kuwa fedha. Huo wa mazishi unatufaa sana sisi: uliza kama jimbo lenu linaruhusu gharama za kusafirisha mwili hadi nyumbani ziwe ndani ya mkataba. Fedha ambazo zingetumika hivi au hivi zinawekwa kihalali, na watoto hawalazimiki kuchangisha harambee wakiwa msibani.

Mzee akishakubaliwa, karibu pensheni yake yote ya Social Security huenda kwa nyumba ya uuguzi kila mwezi. Anabakiwa na posho ndogo ya matumizi binafsi. Kiwango cha chini cha shirikisho ni dola 30, na majimbo mengi huongeza. Kama pensheni hiyo ndiyo iliyokuwa ikilipa kodi ya nyumba mnayoishi, panga mapema.

Miezi 60 ya kurudi nyuma

Katika karibu majimbo yote, ofisi ya Medicaid hudai taarifa za benki za miezi 60 kabla ya siku ya maombi. Kila kitu ambacho mzee au mwenzi wake alikitoa bila kupata thamani yake huitwa zawadi, na zawadi huzaa adhabu. Hesabu yake: jumla ya zawadi inagawanywa kwa bei ya wastani ya mwezi ya nyumba ya uuguzi katika jimbo. Tuseme baba alikuwa akituma dola 400 kila mwezi kwa ndugu zake kwa miaka mitano. Hizo ni dola 24,000. Jimbo likitumia dola 10,000 kwa mwezi, adhabu ni miezi 2.4 ambayo Medicaid hailipi. Na ubaya wake ni kwamba adhabu haianzi siku alipotuma. Inaanza akiwa tayari yuko nyumba ya uuguzi na akiba imekwisha, wakati hana cha kulipia.

Kutuma pesa nyumbani si kosa, na sheria ina mlango hapa: pesa iliyotolewa kwa sababu nyingine kabisa isiyohusu kutafuta Medicaid haipaswi kuadhibiwa. Ila mzigo wa kuthibitisha ni wenu. Ushahidi wenye nguvu ni mazoea ya muda mrefu: risiti za Western Union, Sendwave au WorldRemit zinazoonyesha kiasi kilekile kikitumwa tangu miaka kumi iliyopita mzee akiwa mzima, pamoja na barua za ada ya shule au hospitali zilizolipwa. Kiasi kikiruka ghafla baada ya ugonjwa kugunduliwa, maelezo hayo hayatasimama.

Hatua za kuanza leo, hata kama mzee bado anatembea:

1. Ada za wapwa na michango ya misiba itumwe kutoka akaunti za watoto. Pesa ya mtoto mwenyewe haimhusu mzee.
2. Ondoa pesa zisizo za mzee kwenye akaunti yake. Jina lake likiwa kwenye akaunti ya pamoja, ofisi huchukulia kwamba fedha zote ni zake mpaka mthibitishe vinginevyo. Fedha za chama, za kikundi cha kina mama au za harambee zisipite hapo kabisa.
3. Pakua taarifa za benki na za M-Pesa kila mwaka na uzihifadhi. Baada ya miaka mitano benki zinaweza kutoza kwa nakala, au akaunti imefungwa na huwezi kuingia.
4. Tengeneza hati ya uwakili (power of attorney), ya fedha na ya afya, wakati mzee bado anaelewa anachosaini. Akili ikishapotea, njia iliyobaki ni mahakama kuteua msimamizi, na hiyo ni miezi na maelfu ya dola.

Kisha kuna kiwanja. Shamba la Kisii, nyumba ya Goma, ploti ya Kibaha: fomu huuliza mali popote ilipo, na mali ya nje ya Marekani inahesabiwa kama mzee ana uwezo wa kuiuza. Usiifiche. Kutamka uongo kwenye fomu ni kosa la jinai, na mhamiaji ana zaidi ya pesa cha kupoteza. Kumwandikia kaka shamba wiki moja kabla ya maombi nako ni zawadi, yenye thamani ya shamba zima. Njia halali ni kupata ukweli wa umiliki kwa maandishi: upekuzi rasmi wa hati kutoka ofisi ya ardhi, na thamani kutoka kwa mthamini aliyesajiliwa. Kama ni ardhi ya ukoo isiyogawanywa, au urithi ambao mirathi yake haijafungwa, au sheria ya huko haimruhusu mzee kuuza bila idhini ya wengine, pata uthibitisho wa jambo hilo na tafsiri ya Kiingereza iliyosainiwa na mfasiri. Hapo wakili wa sheria za wazee anastahili ada yake. Wakili wa kawaida wa uhamiaji hatoshi.

Nyumba ya hapa Marekani nayo isihamishwe kwa pupa. Kumpa mtoto huleta adhabu, isipokuwa, miongoni mwa wachache wengine, mtoto aliyeishi humo angalau miaka miwili kabla mzee hajaingia nyumba ya uuguzi na utunzaji wake ndio uliochelewesha safari hiyo. Vithibitisho vyake ni barua ya daktari, leseni ya udereva na marejesho ya kodi yenye anwani ile. Wengi wanakidhi sharti hili bila kulijua. Kwa wengine, jimbo hulazimika kudai mirathi ya aliyelipiwa huduma hizi baada ya kutimiza miaka 55, na nyumba ndiyo hulengwa kwanza.

Kuomba

Omba mara mali inapokaribia kikomo. Vitakavyohitajika: pasipoti au grini kadi, kadi za Social Security na Medicare, barua ya pensheni ya mwaka huu, taarifa za benki za miezi 60, bima za maisha na thamani yake ya fedha, hati za nyumba na gari, cheti cha ndoa au cha kifo cha mwenzi. Majina yanayotofautiana kati ya pasipoti na cheti huchelewesha faili sana. Andaa mapema kiapo kinachothibitisha kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja.

Uamuzi hutakiwa ndani ya siku 45. Maombi mengi hukataliwa kwa sababu karatasi moja haikufika kwa tarehe iliyoandikwa, si kwa sababu mzee hastahili. Ukipeleka kitu, pata risiti. Ukichelewa, omba muda kwa maandishi kabla tarehe haijapita. Medicaid inaweza kulipia hadi miezi mitatu nyuma. Kuanzia Januari 2027 muda huo unapungua, miwili kwa wazee wengi.

Kabla ya kusaini mkataba wa nyumba ya uuguzi

Siku ya kuingia utapewa rundo la karatasi na kalamu. Soma sehemu iliyoandikwa "responsible party" (mwenye jukumu la malipo). Sheria ya shirikisho inaikataza nyumba ya uuguzi kumlazimisha ndugu awe mdhamini wa malipo kama sharti la kumpokea mgonjwa. Lakini ukisaini kwa hiari yako, unaweza kudaiwa. Saini jina la mzee, kisha jina lako, kisha andika kwamba unasaini kama wakala wake kwa hati ya uwakili. Kata kwa kalamu mstari wowote unaokufanya ulipe kutoka mfukoni mwako. Kanuni hizohizo za Medicare na Medicaid zinakataza kukuondolea haki ya kushtaki kama sharti la kupokelewa, kwa hiyo si lazima usaini kifungu cha usuluhishi (kupeleka mgogoro kwa msuluhishi badala ya mahakamani).

Pennsylvania iwe macho zaidi. Sheria yake inawapa watoto wajibu kwa wazazi wasiojiweza, na mwaka 2012 mahakama ya rufaa ya jimbo hilo ilithibitisha deni la karibu dola 93,000 dhidi ya mtoto wa kiume ambaye mama yake aliondoka nchini bila kulipa.

Akibaki nyumbani

Medicaid ina mipango ya kumtunza mzee nyumbani, na mingi inaruhusu mtoto kulipwa kwa kazi anayoifanya tayari: California kuna IHSS, New York kuna CDPAP, na majimbo mengine yana majina yao. Tofauti na nyumba ya uuguzi, mipango mingi ya namna hii ina orodha ya kusubiri, hivyo jiandikishe mapema. Mtoto anayeishi nyumba moja na mzee mara nyingi halipi kodi ya mapato ya shirikisho kwa malipo hayo.

Kama mzee anakulipa kwa akiba yake mwenyewe, mkataba uandikwe kabla kazi haijaanza, uonyeshe saa, kazi na malipo yasiyozidi bei ya soko. Bila hivyo, kila hundi itahesabiwa zawadi.

Na wazo la kumrudisha mama nyumbani? Social Security ya raia huendelea kumfuata Kenya au Tanzania. Medicare na Medicaid hazilipi hospitali za huko, na SSI husimama baada ya siku 30 mfululizo nje. Mwenye grini kadi anayekaa nje kupita mwaka bila kibali cha kurudi anaweza kuipoteza, na saa yake ya miaka mitano pia.

Msaada wa bure

Eldercare Locator, 1-800-677-1116, watakuunganisha na ofisi ya wazee ya eneo lako, na pia na SHIP, washauri wa Medicare wasiouza bima. Medicare yenyewe ni 1-800-633-4227. Malalamiko kuhusu nyumba ya uuguzi hupelekwa kwa ombudsman (mtetezi wa wakazi) wa jimbo, na nyota za ubora za kila nyumba ziko kwenye tovuti ya medicare.gov. Simu ikipokelewa, sema "Swahili interpreter" na usubiri. Mkalimani ni haki ya mzee na hulipii. Mjukuu wa miaka kumi na miwili asiwe ndiye anayemfafanulia bibi yake mkataba.